Ufadhili wa vyama vya wanawake wafanyabiashara: uende kwa wenye "one" au kwa waliokatishwa shule?

Wadau, matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) yakishatoka utaona picha ileile: akina mama wafanyabiashara wanamkabidhi mfano wa hundi binti aliyepata daraja la kwanza. Makofi, kamera, basi.

Mimi nasema hela hiyo inapelekwa pasipo na uhitaji mkubwa. Binti huyo anastahili, sikatai, ila milango anayo. Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na 2022 ikafuata ya cha tano na sita. Chuo kikuu kuna Bodi ya Mikopo, na waliong'ara kwenye sayansi wana Samia Scholarship. Najua wapo wa masomo ya sanaa wanaopewa asilimia ndogo ya mkopo wakahangaika. Hao tuwajadili.

Sasa chukua aliyeacha kidato cha pili kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu kurudi darasani. Ruhusa hiyo ilichelewa mno, na peke yake hailei mtoto. Saa moja asubuhi anamwachia nani? Wengine wanaona haya kuvaa sare tena, wanaamua kusoma QT (mtihani wa maarifa, wa kiwango cha kidato cha pili) kisha wanafanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Ukienda kituo cha binafsi, hiyo elimu bila ada huikuti: unalipia masomo, unalipia na mtihani. Afadhali baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vinampokea mama pamoja na mwanawe.

Dada mmoja mwenye duka la vipodozi aliniambia, "Hela yangu si sadaka, nataka nimwone binti akiwa daktari." Namwelewa, aliyeacha mara moja anaweza kuacha tena. Lakini dada zangu, humo chamani mwenu wamejaa walioishia njiani wakaanza na genge la mbogamboga. Nani atamjua binti huyu kuliko ninyi?

(Mtakaouliza "na wavulana je?", fungueni uzi wenu.)

Pendekezo: nusu ya fungu iende kwa mabinti waliokatishwa shule, kituo kilipwe moja kwa moja, na anayebaki na mtoto alipwe pia. Hapo kwa mlezi ndipo najua mtanipinga. Haya, tuambieni: bila yeye, huyo mama atasoma saa ngapi?