Bayasi ya transista na bayasi ya takwimu: ni neno moja?

Swali
Habari wakuu. Kazi yangu ni amplifaya, na sasa najisomea takwimu. Kwetu bayasi unaitia kwa makusudi: besi ya transista ya silikoni (mguu unaopokea ishara) usipoipa volti kama 0.6 au 0.7, nusu ya wimbi inakatika. Kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi, unaona nundu, kisha mstari umelala bapa, kisha nundu. Kitabu cha takwimu kinaniambia bayasi ni kosa, niiondoe. Nishike lipi?

Jibu la 1
Shika yote mkuu. Kwa mtakwimu, bayasi ni umbali kati ya wastani wa makadirio yako, ungeyarudia mara nyingi sana, na thamani ya kweli. Mizani inayosoma gramu 40 ikiwa tupu, hata upime mara elfu, gramu 40 hizo hazikutoki. Ndiyo maana wingi wa data haunitulizi kamwe. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilikusanya majibu ya kura ya maoni zaidi ya milioni 2 likatabiri Landon atakuwa rais wa Marekani. Mpinzani wake Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na waliotumiwa kadi wengi hawakujibu.

Jibu la 2
Naongezea. Kwenye mitandao ya neva, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutoka kwenye data, kuna y = wx + b: x ni kinachoingia, w ni uzito wake, y ni kinachotoka, na hiyo b nayo ni bayasi. Bila b mstari unalazimika kupita kwenye sifuri. Huyo ni ndugu wa transista yako kabisa: kiasi kinachokuwepo kabla ishara haijaingia. Ila tafadhali, tusitafsiri bayasi kuwa "upendeleo" kila mahali. Mtafiti anaweza kupendelea, transista haipendelei mtu. Wanafunzi wanapotea hapo, na inaniuma.

Muulizaji
Asanteni sana. Kumbe hata kwenye kinasa sauti cha kaseti ni hivyo: unachanganya sauti na wimbi la masafa ambayo sikio halisikii, ili utepe usiikwaruze sauti. Sasa mita yangu inasoma volti 0.03 ncha zikiwa zimegusana. Hiyo ni ya mtakwimu?

Jibu la 1
Ndiyo, kama inabaki 0.03 ile ile kwenye kila kipimo. Itoe kabla hujaandika.