"Ndiyo" ya fundi ina maana gani?

Swali: Ukimuuliza fundi cherehani, "Hujamaliza?" akajibu "Ndiyo", amemaliza au bado?

Jibu: Bado. Kwa Kiswahili "ndiyo" huikubali kauli kama ilivyoulizwa: "Ndiyo, sijamaliza." Tatizo ni swali lenyewe. Uliza "Umemaliza?", kisha "Kimebaki nini: mikono, kola, vifungo?" Aliyeishika nguo atataja kipande. Anayetaka tu uondoke kwa amani atarudia "tayari, tayari".

Jibu: Tena usichanganye na "naam" au "abee" za kuitikia wito, hizo ni "nimesikia" tu, bado hajakubali kitu. "Inshallah" ya dhati huja na siku na saa. Ikija peke yake, mara nyingi ni hapana ya adabu, kwa hiyo mpe mlango wa kukataa: "Ijumaa ikishindikana, Jumatatu je?"