Naomba ushauri: je, mwenendo wa baba yangu mdogo unaonyesha kwamba hana imani?

Wapendwa katika Kristo, baba yangu mdogo ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri, naye husali kwa machozi, lakini amemdhulumu shamba mjane wa marehemu kaka yake, yaani mama yangu mzazi. Nilipomwendea peke yangu, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, alinijibu kwa Waefeso 2:8-9 kwamba tunaokolewa kwa neema, wala si kwa matendo, neno ambalo nami naliamini kwa moyo wote. Hata hivyo, mstari wa 10, ambao hakuusoma, unasema tuliumbwa tutende matendo mema, na Yakobo 2:17 inasema imani isiyo na matendo imekufa. Je, nimhesabu kuwa ndugu aliyeanguka, au mtu ambaye hajaamini bado? Na je, nirudi kwake na mashahidi wawili, au kwanza nimweleze mchungaji?