Sabufa mpya inchi 12, besi iko jikoni na kwa jirani, mimi kwenye sofa sipati kitu

Mzawa_Ligula

Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini huku Ligula, nimepanga vyumba viwili na sebule, ukuta mmoja nachangia na jirani. Nilikuwa na hom thieta ya kawaida, zile za boksi zima, vispika vitano na kisabufa chake cha inchi 6 na nusu. Msimu huu hela ya korosho ilipoingia (shamba la mzee lipo Tandahimba, mimi ndo nalisimamia) nikasema acha na mimi nijipongeze. Nikachukua risiva ya mziki (ile ampu ya kuendesha spika zote) kwa jamaa alikuwa anahama, mtumba lakini kubwa, vile vispika vitano vya zamani nimebaki navyo, halafu sabufa nikaagiza Kariakoo ikaja na basi. Inchi 12, ampu yake iko humo humo ndani, nyuma imeandikwa wati 300 RMS. Stendi nilikodi bajaji na bado mimi na dereva tulilibeba wawili, sio mchezo.

Sasa shida. Nimeliweka pembeni ya TV, nimechomeka waya wa AV mmoja kutoka risiva, linawaka. Nakaa kwenye sofa naweka muvi ya vita, bomu linalipuka mimi nasikia "pu", kama mtu kaangusha mto chini. Nikasema labda muvi. Nikainuka kwenda jikoni kunywa maji, weee, huko jikoni besi imejaa mpaka vifuniko vya sufuria vinacheza kwenye kabati! Narudi kwenye sofa, pu. Naenda jikoni, dunia inatikisika. Nimefanya hivyo mara tano mke wangu ananiangalia tu, mwisho kaniambia "umemnunulia jirani redio". Na kweli jirani jana kagonga ukuta.

Nobu zote nyuma nimefungua mpaka mwisho. Sebule ni kama mita 4 na nusu kwa 3 na nusu, sofa liko katikati maana nyuma yake kuna meza ya chakula. Nimepigwa? Au niongeze jingine la pili?

Chuma_cha_Masasi

Umepigwa mkuu, pole. Wati 300 si ndo za redio ya kinyozi hizo. Mimi langu hapa Masasi boksi limeandikwa wati 12,000 na nimenunua laki mbili tu, na ni mpya. Kariakoo wakikuona umetoka kusini na hela ya korosho wanakuchinja.

Fundi_Chikongola

Aliyeandika hapo juu naomba usimpoteze mwenzio. Chukua plagi ya hilo redio lako uifungue, ndani utakuta fyuzi, kubwa kabisa itakuwa ampia 13. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha, hazifiki hata wati 3,000, na hapo fyuzi imefika mwisho wake. Sasa hizo 12,000 zinaingilia wapi, dirishani? Hizo ni wati za PMPO, wati za kwenye boksi. RMS ndo wati za kweli, zile ampu inatoa mfululizo, na 300 za RMS kwenye sebule ya mita 4 na nusu ni nyingi.

Mzawa, sabufa yako nzima. Tena umejipima mwenyewe bila kujua, hiyo safari ya jikoni na kurudi ndo kipimo. Ingekuwa mbovu na jikoni kungekuwa kimya.

Tatizo ni pale ulipokaa. Sauti ya besi ni wimbi refu sana, sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwahiyo besi ya hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) wimbi lake moja ni mita 8 na nusu, nyumba yako haina chumba cha kulitosha. Linagonga ukuta linarudi linakutana na lenzake linalokwenda, kuna sehemu yanasaidiana besi inajaa na kuna sehemu yanauana. Kwenye sebule ya mita 4 na nusu besi ya karibu na hezi 38 inakufa pale pale katikati ya urefu, na wewe sofa umeliweka wapi? Katikati. Milipuko ya muvi mingi inaishi huko huko hezi 30 mpaka 60, ndo maana unapata ile "pu" ya juu tu, kiuno cha bomu hukioni.

Usinunue la pili. Wati 300 ukizifanya 600 unaongeza desibeli 3 tu, sikio lisikie kama sauti imekuwa mara mbili inataka karibu 10. Na pale katikati hata ukiweka manne yote upande wa TV bado kutakuwa shimo.

Mzawa_Ligula

Daah fundi umenifungua macho. Kwahiyo nisogeze sabufa au sofa?

Fundi_Chikongola

Sofa kwanza. Watu wengi wanahangaika kuzungusha sabufa wakati kichwa chao kiko kwenye shimo. Rudisha sofa nyuma mpaka kichwa kiwe kama mita moja na nusu kutoka ukuta wa nyuma, meza ya chakula isukume pembeni, mwambie shemeji ni kwa muda. Usiligandishe ukutani kabisa maana huko besi inajaa mno inakuwa nzito kama uji.

Baada ya hapo libebe sabufa uliweke JUU ya sofa, pale unapokaa wewe. Ndiyo, juu ya sofa. Weka wimbo wenye besi inayotembea, gitaa la besi la rumba ni zuri kuliko singeli, singeli ngoma ni ile ile mwanzo mwisho utadanganyika. Halafu piga magoti utambae kando ya ukuta, sikio liwe usawa wa sabufa, zunguka taratibu. Kuna sehemu besi itavimba, kuna sehemu itapotea, na kuna sehemu kila noti utaisikia sawa na nyenzake. Hapo weka alama kwa chaki. Ndo makazi ya sabufa. Utaonekana chizi lakini nimefanya kwenye nyumba nyingi hapa mjini na mara nyingi jibu halikuwa pembeni ya TV.

Sasa nobu. Ile ya sauti irudishe nusu, saa sita. Ile iliyoandikwa crossover (inayokata besi ziende sabufa, za juu ziende spika) ipeleke mwisho, iache hapo, kazi ya kukata ifanye risiva, ukikata huku na huku kunakuwa na pengo katikati. Kwenye menyu ya risiva angalia spika zako zimeandikwa Large au Small. Mitumba mingi nakuta iko Large, maana yake risiva inapeleka besi kwenye vispika vyako vidogo na sabufa inapewa makombo. Weka Small. Kwa spika za kawaida risiva ungeiambia ikate hezi 80, lakini umesema bado unatumia vile vya hom thieta, vile pepa lake ni dogo kama kisosi, weka 120. Mwisho ile swichi ya fezi, 0 na 180. Kaa kwenye sofa, shemeji akubadilishie, pale besi ikiwa nyingi ndo penyewe.

Swali moja na nijibu kabla hujawasha tena: hivyo vispika nyuma vimeandikwa ohm ngapi?

BiMkubwa_Shangani

Kaka zangu mnaongea mahezi na madesibeli mimi naomba niongee upande wa pili wa ukuta. Nina jirani ana hilo lidude. Nyie huko mnasikia wimbo, mimi huku wimbo siusikii kabisa, nasikia du, du, du peke yake, tofali la inchi 6 limezuia muimbaji limeniachia ngoma. Hata nyimbo siwezi kujua ni gani ili angalau niimbe. Vikombe vyangu vya kabatini vinasogea vyenyewe, asubuhi nakuta viko ukingoni. Nilimzoea, lakini baada ya Isha nina mjukuu wa miezi minne, akishtuka mara moja hatulali tena mpaka adhana. Huyo aliyekugongea ukuta kaka Mzawa nenda kamsalimie, na usiende mikono mitupu, hata ming'oko ya mia tano inatosha.

Mzawa_Ligula

Bi mkubwa nimekusoma, shikamoo. Kesho naenda.

BiMkubwa_Shangani

Marahaba mwanangu.

Lindi_Mtanda

Fundi kamaliza kwenye besi, mimi naongeza ya huku pwani maana nimeumia. Kwanza chumvi. Nakaa karibu na bahari na pini za waya wa AV miezi sita tu zimeota kutu ya kijani, sabufa ikaanza kukatakata nikajua ampu imekufa, kumbe ni kuchomoa na kuzifuta zikang'aa. Usimpe fundi hela kabla hujachomoa waya ukaangalia.

Pili kama sabufa yako ina tundu la kupumulia mbele au nyuma, ziba na wavu laini usiobana hewa. Mimi langu usiku lilianza kukwaruza hata likiwa limezimwa, nikamuita mke wangu tukasikiliza wote, tukasema koili. Nikafungua spika. Panya kazaa humo, kafanya godoro na ile pamba ya ndani, na pepa kaila pembeni kama mkate. Watoto saba.

Tatu, ikianza kuunguruma "mmmm" bila mziki chomoa ule waya wa dishi nyuma ya king'amuzi uone kama kelele zinaisha. Zikiisha ni eathi mbili zinagombana, ile ya dishi na ya soketi. Usije ukasikia ushauri wa kuvunja pini ya eathi kwenye plagi, kuna mtu mtaani kwetu alifanya hivyo akawa akigusa boksi linamng'ata.

Chuma_cha_Masasi

Nimefungua plagi. Fyuzi ni ya 3.

Fundi_Chikongola

😂😂 Basi piga hesabu mwenyewe. Tatu mara 230.

Chuma_cha_Masasi

690. Na nilishamwambia kila mtu hapa mtaani elfu kumi na mbili.

Mzawa_Ligula

Wakuu nimerudi na mrejesho. Jumapili yote imeishia humu. Sofa nimerudisha, meza ya chakula imeenda ubavuni, wife kalalamika kidogo kwamba sasa kupita na sinia lazima utembee kiubavu kama kaa, lakini kakubali. Sabufa tukalipandisha kwenye sofa, nikaweka rumba, nikaanza kutambaa. Mtoto wa jirani alikuwa mlangoni anachungulia, akaenda kumwita mama yake, kwahiyo ile salamu niliyopanga kwenda kuitoa ikanikuta nimepiga magoti sikio liko ukutani. Nikamueleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Tumekubaliana saa tatu usiku nabonyeza ile ya Night (inayotuliza milipuko) kwenye rimoti na sabufa napunguza, na akiwa na mgonjwa anatuma mtoto, hamna kugonga ukuta.

Sehemu niliyoipata sikuitegemea, ni ukuta wa ubavuni, kama theluthi ya kwanza kutoka upande wa TV, chini ya dirisha. Na risiva kweli ilikuwa Large. Nikaweka Small, 120, fezi ikakaa 180. Nikarudia lile bomu.

Fundi, halikusema "pu". Lilianzia miguuni. Nilihisi kwanza kwenye unyayo halafu tumboni, na nobu iko saa sita tu, nusu! Wife alikuwa anamenya vitunguu akasimama na kisu mkononi. Kimebaki kitu kimoja, kuna bati moja la kibarazani linaimba kila ikipigwa noti fulani, hilo nitapanda na misumari.

Sasa lile swali lako la ohm. Nimegeuza vispika, vyote vitano vimeandikwa 3. Nyuma ya risiva imeandikwa 6 mpaka 16. Ndo vibaya?

Fundi_Chikongola

Hongera kwa besi. Ndo vibaya, ndiyo. Ohm ikiwa ndogo kispika kinavuta ampia nyingi, vile vilitengenezwa viende na ampu ya hom thieta yake vilivyokuja nayo, hiyo risiva yako inabeba mzigo kama mara mbili ya ule ilioandikiwa. Sauti ya chini itavumilia, siku ukiipandisha kwenye sherehe itachemka, ukiwa na bahati itajizima, usipokuwa na bahati utanifungulia mimi kazi. Weka mkono juu ya risiva baada ya muvi moja, ukishindwa kuuacha hapo ukahesabu kumi, zima.

Tafuta spika mbili za mbele za ohm 8 kwanza, hata mtumba, hivyo vitano viweke pembeni. Mbili nzuri na hilo sabufa zinashinda vitano hivyo.

Mzawa_Ligula

Nimeweka mkono. Nimefika nne.

Wakuu mwenye spika mbili za ohm 8 hapa Mtwara au Lindi anicheki, ila hela ni mpaka mnada ujao wa korosho, kwa sasa wife ameshikilia pochi.