Magugu maji mwaloni: tunang'oa, yanarudi. BMU, halmashauri na bodi ya maji ya bonde wagawaneje kazi?

Mwalo_wa_Ghuba

Wakuu, naomba wenye ujuzi. Mwalo uko Ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema. Magugu maji yamefunga kama nusu hekta mbele ya mwalo, mitumbwi inatoka kwa kusukumwa na pondo. BMU (kikundi cha jamii cha kusimamia uvuvi mwaloni) inaitisha usafi Jumamosi moja kwa mwezi, watu thelathini hivi, reki na mapanga. Wiki ya pili pameshajaa tena. Masika ikianza, korongo linaloshuka kutoka senta linaleta maji meusi yanayonuka. Halmashauri wanasema ni kazi ya BMU, BMU wanasema ni kazi ya serikali. Wapo wanaotaka dawa ya kuua magugu, wengine wanasubiri mashine. Nataka mpango wa kupeleka mkutano mkuu wa kijiji: nani afanye nini, kwa vifaa gani, na kipi kitangulie?

Fundi_Mialo

Anza na hesabu. Hekta moja ya magugu yaliyosongamana huwa na uzito wa tani 200 au zaidi yakiwa mabichi, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito huo ni maji. Nusu hekta yenu basi ni tani 100 hivi. Mtu akitoa nusu tani kwa asubuhi amejitahidi sana, kwa hiyo watu thelathini wanatoa tani 15. Kwenye maji yenye rutuba gugu hili huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili, na hukua kasi zaidi penye nafasi, yaani pale pale mlipong'oa. Kwa Jumamosi moja ya mwezi mnayapalilia, hamyaondoi.

Gawanyeni watu vikundi vitano vya watu sita, kila siku kikundi kimoja, na msishike eneo lote. Fungueni kwanza njia ya mitumbwi, halafu ilindeni kwa uzio wa maboya. Uzio unatengenezwa kwa kamba ya nailoni ya milimita 14 au 16 na madumu ya lita 20 yaliyofungwa mfuniko vizuri, dumu moja kila mita moja na nusu, na nanga ya mawe kwenye gunia kila mita kumi. Mizizi ya gugu huning'inia chini ya maji, kwa hiyo madumu yanatosha kuyakamata. Kosa la kawaida ni kuukata upepo moja kwa moja. Mkeka wa magugu ukisukumwa na upepo wa mchana una nguvu ya kukata kamba yoyote. Utegeni uzio kwa mshazari ili magugu yateleze kuelekea kona moja ya ufukwe, na hapo ndipo kikundi cha siku kitakapoyatolea.

Kazi ianze saa 12 asubuhi, upepo ukiwa bado unatoka nchi kavu, iishe kabla ya saa 4. Hiyo inasaidia pia kwenye kichocho: konokono wake hukaa kwenye mizizi ya magugu, na vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Gambuti si anasa. Zahanati iombwe mapema dawa ya kichocho kwa wanaoingia majini mara kwa mara.

Mapanga yaacheni nyumbani. Mmea ukikatwa, kila kipande chenye kitako, pale majani na mizizi vinapokutana, huchipua upya. Majani yaliyokatwa nayo huzama, yakaoza na kula oksijeni ya samaki. Tumieni uma wa meno marefu na reki, mmea utoke mzima.

Mdudu_Rafiki

Kabla hamjang'oa hata mmoja, chunguzeni kama mbawakavu bado wapo. Ni wadudu wadogo wa milimita 4 hadi 5, rangi ya kijivu au kahawia, aina mbili za Neochetina zilizoachiwa ziwani miaka ya 1990. Wao, pamoja na mawimbi na mvua za El Niño ya 1997/98, ndio walioangusha magugu kwa sehemu kubwa mwishoni mwa miaka ile. Wakubwa hula usiku na mchana hujificha katikati ya mmea. Chukueni mimea 20 sehemu tofauti, fungueni majani ya katikati, hesabuni. Alama ya ulaji ni vidoa vya mraba-mraba vya milimita 3 hivi juu ya jani. Vikiwa vimetapakaa jani zima, mna jeshi tayari.

Kama wapo, acheni ukanda wa magugu mahali patulivu pasipozuia mitumbwi, msiuguse. Buu hutoboa kikonyo, halafu hushuka kuwa pupa (hatua kati ya buu na mdudu mkubwa) kwenye mizizi iliyo majini. Ndiyo maana magugu yaliyokwama topeni hayazalishi mbawakavu wengi, na ndiyo maana kung'oa kila kitu kunawaua wadudu kuliko magugu. Mbegu zinabaki topeni miaka kumi na zaidi, zinaota bila adui. Kama hawapo, msibebe wadudu kiholela kutoka mwalo mwingine. Afisa kilimo wa wilaya awaandikie TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Matokeo hupimwa kwa miaka mitatu hadi mitano, si kwa msimu.

Dawa siishauri. Mwaloni watu wanachota maji ya kunywa, na magugu yakifa yote kwa mpigo yanazama pamoja, samaki wanakosa hewa, mabuu wanakufa na chakula chao. Mbegu ndizo zinazobaki.

Jambo lingine: hakikisheni ni magugu maji kweli. Kuna gugu jingine, salvinia, ambalo nalo limeonekana Ghuba ya Mwanza miaka ya karibuni. Lina majani madogo ya mviringo yenye vinyweleo vinavyokataa maji, halina kikonyo kilichovimba wala ua la zambarau. Mbawakavu hawa hawaligusi, lina mdudu wake.

Bonde_Kwanza

Yote hapo juu ni sawa, ila korongo ndilo linalolisha magugu yenu. Majitaka ya senta, kinyesi cha mifugo na udongo wa mashamba hubeba naitrojeni na fosforasi. (Moshi wa kuchoma mashamba nao huangusha fosforasi ziwani, na ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani, lakini huo si wa mwalo mmoja kuuzuia.)

Hapa ndipo mgawanyo wa kazi unapokuwa na maana. Sampuli ya maji mliyochota wenyewe haitamfikisha mtu mahakamani. Sampuli ya afisa wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria itamfikisha. Lakini afisa hawezi kukaa korongoni usiku, na wachafuzi wengi hufungulia usiku au mvua inaponyesha. Kwa hiyo BMU iwe na daftari: tarehe, saa, rangi, harufu, picha, na mahali bomba au mfereji unapoingilia. Baada ya wiki sita mtaona saa zinazojirudia. Pelekeni nakala bodini mkiomba wapime saa hizo hizo, sehemu tatu: juu ya chanzo, kwenye mdomo wa chanzo, na mita 100 chini yake. Sampuli iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 24, la sivyo kipimo cha BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu) hakina maana. Kiwango cha kitaifa cha majitaka yanayomwagwa ni BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita na COD (oksijeni inayohitajika kuvunja uchafu kwa kemikali) isiyozidi 60. Ulizeni pia kama mhusika ana kibali cha kutiririsha majitaka. Mara nyingi hana, na hapo hamhitaji hata kubishana juu ya vipimo.

Mita 60 kutoka ukingoni zinalindwa na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Msianze kwa kufukuza watu. Mifugo ikinyimwa maji itaingia usiku, kwa hiyo birika la kunyweshea lijengwe nje ya mita 60 kwanza, zuio lifuate. Mdomo wa korongo uoteshwe mafunjo na matete: vipande vya shina la chini vyenye chipukizi, nafasi ya nusu mita hadi mita moja, maji yasizidi sentimita 30, na viwekewe uzio wa miiba mpaka vishike. Vinavyokufa huwa vimeliwa na ng'ombe au vimezamishwa kwa kupandwa maji yakiwa juu.

Mwalo_wa_Ghuba

Shukrani wakuu. Yaliyotolewa tuyapeleke wapi? Na hoja ya mashine nitaijibuje mkutanoni?

Fundi_Mialo

Mashine ni nzuri bandarini na kwenye kivuko, panapokuwa na lori la kupokea mzigo. Bila lori inajaza ufukwe siku moja na kusimama. Mwalo wa nusu hekta hauihitaji.

Mzigo uvuke mstari wa mawimbi ya juu kabisa, upande ambao mvua haitaurudisha ziwani. Acheni unyauke siku tatu hadi tano, halafu tengenezeni mboji: tabaka tatu za magugu kwa moja ya samadi, na nyasi kavu kidogo ili hewa ipite. Lundo liwe na upana wa mita 2 na kimo cha mita moja na nusu, ligeuzwe kila wiki mbili. Miezi mitatu inatosha. Lisipopata joto la kuunguza mkono mbegu hazifi, na sababu huwa ni lundo dogo au lililolowa. Magugu yaliyotolewa kwenye mdomo wa korongo yatengwe, mboji yake iende kwenye miti, si mchicha, maana gugu hili hunyonya metali nzito.

Bonde_Kwanza

Nyongeza ya makaratasi. Halmashauri ya kijiji iandae sheria ndogo, mkutano mkuu uijadili, halafu ipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Bila idhini hiyo faini zenu ni za kubahatisha. Sambamba na hilo, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: BMU nguvu kazi na daftari, wilaya gambuti, uma, toroli na sehemu ya ushuru wa mwalo irudi kwa kazi hii, bodi upimaji mara mbili kwa mwaka, kiangazi na mvua za kwanza. Kila mstari uwe na cheo cha anayewajibika na tarehe. Kiasi cha ushuru kiandikwe kwa asilimia, na kiingie kabla vikao vya bajeti ya wilaya havijafunga, la sivyo mtasubiri mwaka mzima.