Tupeane uzoefu: makato ya kazini na akiba yako mwenyewe

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu
Ndugu zangu, jirani yangu ametimiza miaka 60, na alipokwenda kudai pensheni aliambiwa kwamba miaka yake mingi ya kazi haionekani popote. Kila mwezi alikatwa sehemu ya mshahara, na mwajiri alipaswa kuongeza sehemu yake na kupeleka zote CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii wa Kongo, lakini hazikufika. Ninyi mnaokatwa kazini, je, mnaweka pia akiba pembeni?

Mama wa Himbi, Goma
Naweka kote kuwili, na hata hivyo mwaka 2025 nililala njaa nikiwa na fedha. Vita ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari, benki zilifunga milango, na akiba yangu yote ya uzeeni ikabaki humo, kwa jina langu, nisiweze kuigusa. Aliyetaka noti alikwenda kwa mawakala wa fedha za simu, nao walikata sehemu kubwa kwa kuwa noti zilikuwa haba. Mama mkwe alihitaji dawa. Nilizunguka Birere nzima nikiomba mkopo kwa watu waliokuwa na shida kama yangu. Tuliokolewa na AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake wa mtaa, yenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu.

Dada wa Ndosho, Goma
Ni kweli tupu, mama. Hata sisi.

Mzee wa Kamalondo, Lubumbashi
Pole sana, mama, lakini sanduku la mtaa halimlishi mzee kwa miaka ishirini. Wala mchango wa kazini haumlishi, fedha ikioza: marehemu baba alichangia kwa zaïre, sarafu yetu ya wakati ule, na mwaka 1993 zaïre milioni 3 zikageuzwa zaïre mpya moja, kisha 1998 zaïre mpya 100,000 zikawa faranga moja. Nunueni kiwanja.

Mwanasheria wa Ibanda, Bukavu
Mzee, kwa heshima, viwanja ndivyo vinavyojaza mahakama zetu. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 2016 inadai miezi 180 ya michango. Anayeidharau michango hiyo leo ataikosa pensheni kabisa.

Mzee wa Kamalondo, Lubumbashi
Sikuidharau. Nimesema isiwe peke yake.

Mwanasheria wa Ibanda, Bukavu
Hapo tunakubaliana. Mwalimu, jirani yako ametunza karatasi za mishahara zinazoonyesha makato? Azipeleke kwa mkaguzi wa kazi wiki hii, akiwa na nakala.