Je, alikuwepo mpinzani wa kumshinda Mike Tyson? Nahitaji kuchagua mapambano mawili

Kocha wa Mwanjelwa

Habari za jioni wadau wa masumbwi. Jumamosi ijayo nimepatiwa ukumbi hapa Mwanjelwa pamoja na projekta, nami nimekusudia kuwaonyesha vijana wa klabu yetu mapambano mawili kamili na kuyajadili pamoja nao. Mada niliyoichagua ni Mike Tyson, na swali ni kama alikuwepo mpinzani ambaye angeweza kumshinda. Ninafikiria kulinganisha watu wanne: Larry Holmes, Evander Holyfield, Lennox Lewis na George Foreman. Naomba maoni yenu kuhusu yupi angemweza na pambano lipi lionyeshwe, kwa kuwa kijana anayenipakulia video anataka majina kabla ya Alhamisi, na bando tulilonalo linatosha kwa mapambano hayo mawili tu.

Kihesa Juu

Mkuu, swali lako ni zuri, lakini umeacha mambo ambayo bila hayo hatuwezi kukujibu. Unamzungumzia Tyson yupi? Yule aliyemwangusha Trevor Berbick katika raundi ya pili Novemba 1986, akiwa na umri wa miaka 20, na yule aliyelala chali mbele ya Lewis pale Memphis Juni 2002, wanashirikiana jina tu. Pili, wapinzani hao unawachukua katika umri gani? Holmes alipigana naye kweli Januari 1988 na akapigwa raundi ya nne, kwa hiyo ukimtaja Holmes bila kutaja mwaka, mjadala umekwisha kabla ya kuanza. Tatu, ni raundi 12 au 15? Nne, vijana wako wana umri gani, na unataka wajifunze nini? Tupe hayo kwanza.

Mzee wa Tukuyu

Wakati tunasubiri majibu, mimi naweka jina la Holmes, tena Holmes wa kati ya 1978 na 1982. Wanaomfahamu kwa pambano lile la 1988 peke yake wanamwonea. Alikuwa na umri wa miaka 38, hakuwa amepanda ulingoni tangu Aprili 1986, na hata hivyo, katika mapambano 75 ya maisha yake, hiyo ndiyo mara pekee aliyosimamishwa kabla ya kengele ya mwisho. Holmes halisi aliuchukua mkanda kwa Ken Norton katika raundi 15, akautetea mara 20, na jebu yake, yaani ile ngumi ya haraka iliyonyooka ya mkono wa mbele wa kushoto, ilitoka bila kutangulizwa na dalili yoyote, ikimkuta mpinzani bado anajipanga. Mwaka 1979 Earnie Shavers, ambaye wengi wanamhesabu miongoni mwa wapigaji wazito kuliko wote waliowahi kuvaa glovu, alimlaza raundi ya saba kwa mkono wa kulia. Holmes aliinuka, akapigana, na akamsimamisha Shavers raundi ya 11. Mtu wa namna hiyo hawezi kutishwa na sura ya Tyson akiingia ulingoni.

Kocha wa Mwanjelwa

Shikamoo mzee, na asante. Ndugu wa Kihesa, namaanisha Tyson wa kuanzia Berbick hadi Michael Spinks, yule aliyepigwa kwa sekunde 91 Juni 1988, na kila mpinzani tumchukue katika siku zake bora. Raundi ziwe 12, kwa kuwa Tyson hakuwahi kupigana zaidi ya raundi 12. Vijana wengi wana umri wa kati ya miaka 16 na 20. Wawili kati yao ni warefu wenye mikono mirefu, na kila wakikutana na mfupi anayeingia ndani kwa kasi wanarudi nyuma hadi kwenye kamba. Hilo ndilo hasa ninalotaka waone likitatuliwa.

Ilomba Kwanza

Kama tatizo ni hilo, basi jibu ni Lennox Lewis na hakuna haja ya kuzunguka. Lewis ana urefu wa sentimita 196 na mikono yenye upana wa sentimita 213, wakati Tyson ana urefu wa sentimita 178 na upana wa 180 hivi. Tofauti hiyo peke yake haishindi pambano, lakini Lewis, baada ya kuanza kufundishwa na Emanuel Steward, alijua kuitumia: jebu ya kumsimamisha mtu, mkono wa kulia nyuma yake, na mpinzani akipita chini anakutana na ngumi ya kupandisha au anakumbatiwa na kulaliwa kwa uzito wote hadi mwamuzi awatenganishe. Najua mtasema Tyson wa Memphis alikuwa amezeeka, lakini Lewis naye alikuwa na miaka 36, yaani ndiye aliyekuwa mkubwa kwa miezi kadhaa. Pakua pambano hilo, wale vijana wawili watajiona wenyewe.

Dada wa Uyole

Kaka wa Ilomba, ninakuheshimu, ila umeruka mambo mawili. Lewis aliangushwa na Oliver McCall Septemba 1994 katika raundi ya pili, na Aprili 2001 akaangushwa na Hasim Rahman katika raundi ya tano, karibu na Johannesburg, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,600, usiopishana sana na huu wetu wa Mbeya. Rahman aliwahi kufika na kuuzoea, Lewis alichelewa, na sisi tunaokimbia mazoezi kuelekea mlima Loleza tunajua pumzi inavyomkatikia mgeni. Nakubali kwamba alilipiza kisasi Novemba mwaka huo huo kwa KO, yaani kumlaza mpinzani asiinuke, ya raundi ya nne. Hata hivyo, wote wawili walimkuta kwa ngumi moja tu. Tyson wa 1987 hakuwa mtu wa ngumi moja. Alikuja na nne au tano mfululizo, mwili kwanza na kichwa baadaye, huku kichwa chake mwenyewe hakikai mahali pamoja hata kwa nukta moja, kama alivyofundishwa na Cus D'Amato na kusimamiwa na Kevin Rooney.

Kwangu mimi ni Holyfield. Hakuwa mrefu sana wala mzito sana, lakini alimsukuma Tyson nyuma, na hakuna jambo ambalo Tyson alilichukia kuliko kurudishwa nyuma. Novemba 1996 alimwangusha raundi ya sita na akamsimamisha raundi ya 11. Walipangiwa kukutana tangu Novemba 1991, Tyson akaumia ubavu, kisha akahukumiwa kifungo mwanzoni mwa 1992, na pambano ambalo lingelijibu swali hili likakosekana.

Fundi wa Mafinga

Mimi nitazungumzia jambo ambalo nyote mmelisahau, nalo ni ulingo, kwa sababu limeniuma na bado linaniuma.

Nilikuwa nafundisha kijana mrefu sana, mwenye jebu safi, aliyejilea kwa mazoezi ya alfajiri kwenye njia za msitu wa misonobari, baridi ya Juni au mvua ya Machi haikumzuia. Tukaalikwa kwenye pambano la utangulizi katika mji mmoja wa nyanda hizi, ambao sitautaja, wala mwandaaji sitamtaja. Tuliahidiwa ulingo wenye kipimo kamili na upimaji wa uzito siku moja kabla. Tulipofika tuliambiwa mizani imeharibika na kwamba tupime kwa macho. Mpinzani wetu alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na kwa macho yangu alimzidi kijana wangu kwa kilo zisizopungua nane. Nikataka kuondoka, wakaniambia nauli ya kurudi inatolewa baada ya pambano, si kabla. Kisha nikauona ulingo. Ulikuwa mdogo kuliko sebule, mbao zinabonyea, na kamba zimelegea kiasi kwamba mtu akiegemea anakalia watazamaji wa mbele. Raundi ya kwanza kijana wangu alishinda kwa jebu tupu. Raundi ya pili yule mwenzake aligundua kwamba hatua mbili tu zinamfikisha, akaanza kuingia na kumbana kwenye kona. Raundi ya tatu kijana alirudi nyuma, kamba ikamvuta, mguu ukaingia kati ya mbao mbili, na akapigwa ngumi tatu akiwa hawezi kujigeuza. Niliingia ulingoni kumtoa mwenyewe. Alipona, namshukuru Mungu, lakini hakurudi tena kwenye ngumi, na leo anaendesha lori la mbao.

Kwa hiyo mnapomlinganisha Holmes au Lewis na Tyson, elezeni pia wanapigana wapi. Mrefu anahitaji nafasi. Mpe ulingo mpana, jukwaa gumu, na mwamuzi anayeruhusu kukumbatiana kidogo, naye ana nafasi nzuri. Mnyime hayo, na sijali ni Lewis wa mwaka gani, Tyson wa 1988 atamfikia ndani ya raundi tano.

Kocha wa Mwanjelwa

Pole sana ndugu yangu. Ulingo wetu ni wa kuchora chini kwa chaki, na nadhani nimewachorea mdogo mno. Nitaupima upya.

Makambako Njia Panda

Mbona Foreman mmemwacha pembeni? Mwanzo wa 1973, pale Kingston, Jamaika, alimwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Frazier alikuwa mfupi kwa kundi lake, anakuja mbele, anainamisha mwili na kutegemea ngumi ya pembeni ya kushoto. Mwaka uliofuata Norton naye hakumaliza raundi ya pili. Mtu anayemjia Foreman kwa miguu yake mwenyewe anajipeleka machinjioni, na Tyson hakujua njia nyingine ya kupigana.

Kihesa Juu

Hoja hiyo ina nguvu, na ni kweli kwamba mtindo wa Foreman ulikuwa sumu kwa wafupi. Ila Frazier alianza taratibu na alikuja kwa mstari ulionyooka, wakati Tyson alianza kama risasi na kuingia kwa pembe, akihamia upande baada ya kupiga. Nikilazimishwa, ningesema mmoja wao analala ndani ya raundi tatu, na sitaweka shilingi yangu upande wowote. Kwa vijana wa mkuu, pambano la namna hiyo halina somo, kwa kuwa halifundishi chochote kuhusu kutatua tatizo.

Pendekezo langu ni tofauti na lenu nyote. Pakua Tyson na Tony Tucker, Agosti 1987. Tucker alikuwa na urefu uleule wa Lewis, hakuwa amepoteza pambano, na katika raundi ya kwanza alimpandisha Tyson kwa ngumi ya kushoto hadi visigino vikanyanyuka. Alisimama raundi zote 12. Lakini alishindwa kwa pointi, na ni muhimu vijana waelewe kwa nini: alikumbatia ili kupumzika, hakukumbatia ili kupiga tena. James Smith alifanya hivyo hivyo Machi mwaka huo, akashikilia usiku kucha, akapoteza karibu kila raundi. Kumaliza raundi 12 na Tyson na kumshinda Tyson ni mambo mawili.

Mzee wa Tukuyu

Hapo umenena. Na mtu aliyeonyesha namna ya kuvuka kutoka la kwanza kwenda la pili ni James Douglas, Tokyo, Februari 1990. Jebu, mkono wa kulia nyuma yake, anakumbatia, anamgeuza, anaanza upya, na mama yake alikuwa amefariki wiki chache tu kabla. KO raundi ya kumi. Alifanya kile ambacho Holmes alikuwa akikifanya miaka kumi kabla, kwa hiyo bado nasema Holmes.

Dada wa Uyole

Shikamoo mzee. Douglas alistahili, sibishi. Lakini Tyson wa Tokyo hakuwa na Rooney, na kona yake haikuwa hata na chuma cha baridi cha kukandamiza uvimbe wa jicho. Walijaza maji ya barafu kwenye glovu ya mpira. Kocha alitaka Tyson wa hadi Juni 1988, na huyo hakuwa yeye.

Ilomba Kwanza

Wala msisahau kwamba Douglas alilala mwishoni mwa raundi ya nane na mwamuzi alichelewa kuanza kuhesabu. Kwa saa, alikuwa chini zaidi ya sekunde kumi.

Mzee wa Tukuyu

Kijana, sheria inamtaka bondia afuate hesabu ya mwamuzi, si saa ya mtazamaji. Douglas alikuwa anamtazama mwamuzi, na aliinuka kabla ya kumi kutamkwa. Angeambiwa tano, angeinuka tano.

Ilomba Kwanza

Hilo huna namna ya kulithibitisha, mzee wangu. Alipiga jukwaa kwa mkono kwa hasira alipoanguka, nakubali akili zilikuwepo, lakini miguu ni jambo jingine.

Kihesa Juu

Tazameni pia kadi za majaji. Hadi mwisho wa raundi ya tisa, jaji mmoja alimpa Douglas 88 kwa 82, wa pili alitoa sare ya 86, na wa tatu alimpa Tyson 87 kwa 86. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akipiga jebu safi usiku mzima alikuwa anaongoza kwa jaji mmoja kati ya watatu. Mkuu, vijana wako warefu walijue hilo kabla ya kuamini kwamba jebu peke yake inatosha ugenini.

Kocha wa Mwanjelwa

Nimempa kijana jina la Tucker kwa sasa. La pili bado nimekwama kati ya lile la Tokyo na lile la Holmes dhidi ya Shavers, kwa sababu katika Tokyo naona suluhisho, ila kwa Holmes naona mtu akianguka na kuinuka.

Makambako Njia Panda

Na Kingston 1973 mkuu, ni raundi mbili tu, haitakula bando.

Fundi wa Mafinga

Kabla hujampa la pili, umeupima ule ulingo wa chaki?